Kantaberi Bila Kupanda Ndege

Jumapili, 11 Desemba 2005

Germantown, Maryland. Baridi kali. Nimerudi kutoka ibada ya Kiswahili na hasira kiasi kwamba chakula hakishuki.

Cheruiyot tena! Leo ni mara ya tatu tangu Agosti anaonyesha picha zake za Uingereza. Ukutani, kwa projekta, watu wazima wameshika chai na maandazi wanatazama midomo wazi. Kanisa kuu la Kantaberi kwa mbele. Kantaberi kwa nyuma. Cheruiyot mlangoni mwa Kantaberi na ile kofia yake. Akasimulia jinsi askofu mkuu wa zamani alivyouawa humo ndani kwa upanga, na akaonyesha kwa mkono upanga ulikopita, utadhani siku hiyo yeye ndiye aliyeshika taa. Akina mama wakasema jamani, jamani. Mama Vumilia akapangusa macho. Mtu kazi yake ni kuendesha basi dogo la wazee kule Columbia, leo amekuwa mwanahistoria!

Kabla ya sala ya kufunga, Mchungaji akasema kama kawaida yake kwamba wenye safari za sikukuu wasimame waombewe. Hapo Cheruiyot akanigeukia. Akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, Silvanus bana, wewe si hata Maryland hujawahi toka. Watu wakacheka. Mke wangu Domina naye akacheka, nilimwona.

Nikasimama. Mchungaji akauliza wapi. Nikasema Uingereza. Akauliza sehemu gani. Nikasema Kantaberi.

Makofi! Nimeombewa na kanisa zima. Cheruiyot aliweka mkono begani kwangu wakati wa maombi, akaubonyeza. Domina akaniangalia kama mtu aliyesikia harufu ya kitu kinaungua.

Si uongo. Nilikuwa nimeamua palepale.

Jumatatu, 12 Desemba

Nimeitafuta pasipoti nyumba nzima. Ilikuwa kabatini, chini ya sufuria kubwa la pilau. Imekwisha muda tangu 2002!

Hakuna aliyeniambia. Nikamuuliza Domina kwa nini hakuniambia. Akasema pasipoti ni yangu na tarehe imeandikwa ndani, na macho ninayo. Ndiyo msaada wa mke huo. Kupata mpya ni suala la wiki kadhaa, na hapo bado viza. Domina akashauri nirudi kanisani nikaseme ukweli, watu wacheke siku moja, yaishe. Akanikumbusha kwamba mdomo huponza kichwa.

Kumwambia Cheruiyot! Afadhali nimeze kiatu.

Alhamisi, 15 Desemba

Nilisahau jambo moja. Kwetu mtu akitangaza safari si mtu tena, ni posta.

Tangu juzi kengele ya mlango haipumziki. Wanaingia na vifurushi, wanasema ni kidogo tu, hakina uzito. Viatu vya mpwa aliyeko London, na huyo mpwa ana mguu wa tembo. Vitamini za mama mkwe. Mafuta ya nywele, kana kwamba Waingereza wote wana vipara. Na mfuko wa dagaa! Dagaa walitoka Mwanza wakaja Maryland, sasa wanataka niwapeleke Birmingham. Dagaa hao wametembea kuliko mimi.

Huwezi kukataa. Ukikataa wanasema unaringa. Sebule imejaa, Domina anaruka vifurushi kwenda kuwasha televisheni na kila akiruka anaguna.

Lakini leo kazini, kwenye kibanda changu cha kukusanya pesa za maegesho ya magari pale Bethesda, Mungu ameniona. Mteja alidondosha kijitabu cha watalii. Nikakifungua. Kumbe Washington kuna kanisa kuu kubwa ajabu, la mawe, lenye minara na madirisha ya rangi, limejengwa kwa mtindo uleule wa Waingereza wa kale! Nililinganisha kichwani na picha za ukutani za Cheruiyot. Sawasawa. Jiwe ni jiwe.

Mpango umekamilika kabla sijamaliza sambusa. Ndugu yangu Mwita, mtoto wa baba mdogo, anakaa Annandale, ng'ambo ya mto, Virginia. Ana chumba cha chini na ana kamera. Nitajificha kwake sikukuu yote. Hakuna mtu wa Germantown anayekwenda Annandale. Siku moja tunateremka mjini kwenye hilo kanisa, tunapiga picha, narudi Januari na Kantaberi yangu. Mizigo nitaituma kwa posta baadaye.

Domina amesikiliza yote. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia hajaiona foleni ya barabara ya Beltway siku ya Ijumaa. Hakucheka. Akatoa sharti lake: hatamwambia mtu, lakini akiulizwa hatadanganya.

Nani atamuuliza? Watu hawana shida na Domina. Shida yao ni dagaa.

Jumapili, 18 Desemba

Hili sikulitegemea na limenikera sana.

Mama Vumilia alinivuta pembeni baada ya ibada. Mama huyu ni Mwanglikana wa Muheza, mpole, kila mtu hapa amewahi kula kwake. Nilijua binti yake Elieth anaishi Uingereza. Sikujua anaishi mtaa wa pili kutoka Kantaberi! Wala sikujua anaolewa Jumamosi ya tarehe thelathini na moja! Mama mwenyewe hawezi kwenda. Makaratasi yake yako uhamiaji, akitoka nchi hii haruhusiwi kurudi. Binti wa pekee, na mama hatakuwepo.

Akanipa kifurushi cha kitambaa cheupe. Ndani, upande mmoja wa kisutu, ile kanga ya harusi. Doti hiyo alipewa na mama yake alipoolewa, kwao ni desturi. Upande mmoja unabaki kwa mama, wa pili unakwenda kwa binti, na jioni kabla ya harusi mtu mzima wa upande wa mama anamfunika bibi harusi mabega na kumtamkia maneno. Basi ameniomba niwe mjomba. Nikamwambia kwa upole kwamba siku hizi posta ni za haraka sana. Akasema kisutu kinaweza kwenda na posta, lakini baraka haiwezi, lazima iwe na mdomo na mikono. Akanifundisha maneno. Akanirudisha mwanzo mara mbili mpaka nikayashika: Umetoka kwa watu, unakwenda kwa watu, usiwe mgeni kokote.

Akanishika mikono yote miwili. Akasema tangu aliposikia nasimama kanisani, analala usingizi.

Ningemwambia. Naapa ningemwambia palepale. Lakini Cheruiyot alikuwa amesimama pembeni anachezea funguo, anamsubiri ampeleke nyumbani, na masikio yake yale.

Na nani anaoa sikukuu? Wangeoana Februari wangepungukiwa nini?

Ijumaa, 23 Desemba

Nimesafiri. Yaani Mwita amekuja kunichukua.

Annandale. Chumba cha chini. Nalala kati ya mashine ya kufulia na vifurushi vya watu. Mashine ikizunguka na godoro linazunguka. Mwita ameshafungua viatu vya mpwa wa London, anasema anavilainisha tu. Vinamtosha, mguu wa tembo mwingine.

Koti langu la kijani nimeliacha nyumbani makusudi. Linajulikana Maryland nzima, hata askari wa barabarani wananisalimia kwalo. Mpelelezi makini huanza na mavazi. Nimekuja na sweta.

Jumapili, 25 Desemba

Krismasi gani hii! Mwita amechemsha dagaa wa Birmingham. Nilipomfokea akasema walikuwa wanaanza kunuka. Nimekula kwa hasira. Walikuwa wazuri.

Mchana nikampigia Mama Vumilia, kumpa moyo kwamba nimefika. Akafurahi mpaka sauti ikakatika. Akauliza huko sasa ni saa ngapi. Swali la kawaida kabisa, lakini la mtego! Nilijua kuna tofauti ya saa. Sikuwa na hakika ni kwenda mbele au kurudi nyuma. Nikasema ni saa moja asubuhi, ndiyo kwanza nakunywa chai.

Akasema Elieth amempigia sasa hivi, na huko giza limeshaingia.

Nikamwambia Uingereza ni kubwa, upande niliopo mimi jua linachelewa. Halafu akauliza taratibu, bila ubishi wowote, kisutu kiko salama? Nikasema kiko hapa mbele yangu. Huo ulikuwa ukweli mtupu, kilikuwa juu ya mashine ya kufulia.

Nimelikasirikia jua, na nimemkasirikia Elieth. Bibi harusi mwenye shughuli nyingi anapata wapi muda wa kupiga simu kutwa?

Jumanne, 27 Desemba

Siku ya mkosi!

Tuliondoka Annandale asubuhi, mimi na Mwita. Nilibeba begi dogo lenye pasipoti, maana nilitaka picha moja nimeiinua mkononi kama msafiri kamili. Nilibeba na kisutu. Nilikuwa na mpango wa heshima kabisa: nipige picha kisutu kimekunjuliwa mbele ya madirisha ya rangi, mama akiiona moyo wake utulie, halafu kesho nikitume kwa posta ya haraka. Kifike Ijumaa. Maneno ningemwambia Elieth kwa simu. Nani angeumia?

Kanisa lenyewe, lazima niseme, ni kubwa mpaka linakera. Nguzo zinapanda hadi shingo inauma. Na baridi! Sweta langu likawa kama wavu. Nilivumilia picha tatu. Ya nne nikashindwa. Nikakifungua kisutu, nikajifunika mabega. Kanga ni nyembamba lakini ni bora kuliko hewa tupu.

Mwita anapiga picha kama anayeua nzi. Nusu ya kichwa changu haimo. Nikamwambia tutafute mahali pa maana, pale askofu alipouawa, ili nimfunge Cheruiyot mdomo. Karibu na mlango tukaona sanamu ya shaba. Mwanamume mrefu, mwembamba, ndevu za kidevuni, uso wa huzuni. Kweli alionekana mtu atakayeuawa. Nikamwambia Mwita huyu atafaa kuwa askofu. Hana joho, lakini picha ikipigwa kwa mbali nani atajua? Uso wake nilikuwa nimewahi kuuona mahali. Sikukumbuka wapi. Nikasimama chini yake, mkono kifuani, macho juu, kisutu mabegani, pasipoti nimeiinua.

Nikasikia mtu anapiga chafya. Chafya ile naijua. Naisikia kila Jumapili.

Cheruiyot! Na kofia yake! Nyuma yake Domina. Na mbele yao wote Mama Vumilia, koti limefunguliwa, na ndani ya koti amejitanda kisutu. Upande wa pili wa kile nilichojifunika mimi.

Kumbe baada ya ile simu mama alikwenda moja kwa moja kwa Domina, akamuuliza mume wako yuko wapi. Na Domina, mke niliyefunga naye ndoa kanisani, akajibu! Akamtajia mpaka kanisa na siku niliyomwambia mwenyewe. Na kwa kuwa mama haendeshi gari, nani mwingine angemleta?

Cheruiyot hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa senti moja, ile ndogo ya shaba, akaiinua karibu na uso wa sanamu. Akauliza kwa Kiswahili chake cha Kericho, Silvanus, huyu si Rais Lincoln wa hapa Marekani? Hawa Waingereza walimpeleka lini Kantaberi? Senti hizo zenye uso wake nazishika kazini kutwa nzima! Mwita akacheka mpaka akakaa chini, na viatu vya watu miguuni.

Mama Vumilia hakucheka. Alinijia. Akanivua kisutu mabegani polepole, kama unavyomvua mtoto nguo iliyolowa. Akakinusa. Kilinuka dagaa. Akakikunja mara nne juu ya kifua chake.

Akasema, mwanangu, ungeniambia tu.

Basi. Ningejua la kujibu kama angenitukana. Nilikasirika mpaka masikio yakalia, na sijui nilimkasirikia nani. Nikatoka mbio mlangoni. Mama mmoja anayejitolea kanisani humo, mwenye kofia ya zambarau, akaniambia kwa Kiingereza kwamba mbio haziruhusiwi. Begi na pasipoti nimeviacha kulekule, miguuni pa Lincoln.

Jumatano, 28 Desemba

Nimerudi Germantown. Domina amenipokea na koti langu la kijani.

Cheruiyot ameondoka leo kwenda Uingereza. Na kisutu! Eti ana maili za ndege alizokusanya za kumpa tiketi ya bure, eti pasipoti yake ya bluu ya Marekani haihitaji viza, eti aliomba ruhusa kazini na amepewa. Pasipoti yake haijaisha muda, bila shaka. Mtu wa namna hiyo huangalia tarehe. Nasema alikuwa ananyemelea nafasi hii tangu siku aliponibonyeza bega.

Nilimwambia Domina kwamba mjomba ni mimi, nilichaguliwa. Akasema chai iko mezani.

Jumamosi, 31 Desemba

Leo anaolewa. Nimekaa dirishani toka asubuhi. Vifurushi vimerudi kwa wenyewe, isipokuwa viatu na dagaa. Wenye viatu wamenipigia simu. Nimewaambia waongee na Mwita.

Nimeyakumbuka yale maneno yote, neno kwa neno. Nimeyasema peke yangu, kwa sauti ndogo, kuona kama ningeyaweza. Ningeyaweza kabisa. Ningeyasema vizuri kuliko Mkalenjin yeyote.

Jumapili, 8 Januari 2006

Projekta tena!

Safari hii ukuta mzima ni Elieth. Bibi harusi amekaa kwenye kiti, Cheruiyot amesimama nyuma yake na kisutu mikononi. Lakini maneno hakuyasema yeye. Picha iliyofuata ilionyesha: alishika simu karibu na sikio la Elieth, na mama mwenyewe akayatamka kutoka hapa Maryland, huku Cheruiyot akimfunika binti mabega kwa mkono mmoja. Elieth amefumba macho, uso umelowa. Kanisa lote likalia. Mchungaji alilia. Mama Vumilia alikaa mbele, amejitanda upande wake wa kisutu, mgongo umenyooka, hajaonekana hivyo mwaka mzima.

Na mimi machozi yalinitoka. Ni hasira. Domina akanipa leso bila kuniangalia.

Ningekuwa mimi, ningempelekea Elieth ile baraka kwa mdomo wangu, kama mama alivyotaka. Simu kila mtu anaweza! Halafu Cheruiyot akamalizia na picha mbili za Kantaberi, eti alipita tu. Mara ya pili! Mtu mmoja, Kantaberi mbili!

Hapo Mchungaji akasema wenye safari za Pasaka wasimame waombewe.

Hakuna aliyesimama. Cheruiyot akanigeukia. Alitabasamu tu, na tabasamu lenyewe lilikuwa la huruma.

La huruma! Mimi!

Nikasimama. Domina alinishika koti kwa mikono miwili, nikasimama nalo. Mchungaji akasita kidogo, akauliza wapi. Nikasema Yerusalemu.

Hakuna makofi. Mtoto mmoja akauliza kwa Kiingereza, is he for real, yaani huyu anasema kweli, mama yake akamziba mdomo. Nimeombewa lakini kwa ufupi.

Baada ya ibada hakuna aliyenijia na kifurushi. Hakuna hata dagaa mmoja. Watu wana kinyongo kibaya! Ni Mama Vumilia peke yake aliyenifuata mpaka kwenye gari. Nikajua sasa nitasikia maneno yangu. Akanipa begi langu, lile nililolitupa kanisani. Ndani yake pasipoti, ameifunga kwenye kitambaa kile cheupe isichafuke. Akasema ameona tarehe. Akasema hajamwambia mtu na hatamwambia. Akasema picha yangu ya ujana ni nzuri, nina macho ya mtu wa kwenda mbali, nikaifanye upya pasipoti kwanza kabla ya jambo lolote. Akanishika mikono miwili, kama siku ile. Akaniombea pale pale, kwenye baridi, mpaka vidole vyake vikawa vya barafu.

Nimemshukuru. Lakini nimekerwa. Nani amemwambia afungue begi la mtu?

Jioni hii Mwita kanipigia, amekwisha kufanya utafiti. Anasema upande wa kaskazini-mashariki wa jiji la Washington kuna monasteri ya watawa, wamejenga humo mfano wa kaburi la Yesu na mahali patakatifu pengine pa Yerusalemu, pango kwa pango. Nimemuuliza jambo moja tu: kuna Lincoln? Ameapa hajamwona. Safari hii nitavaa koti.

Pasipoti nimeirudisha kabatini, chini ya sufuria la pilau. Nitaishughulikia nikisharudi.